Mazamu Wawili Ndani ya Kompyuta Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Kompyuta ya Huguette inagonga. Tak. Tak. Tak-tak. Kama mgeni anayebisha hodi huku anajua wenyeji wamo ndani wamejificha. Imeanza jana baada ya ibada. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema kitu. Lakini daftari hili ni langu, kwa hiyo naandika: ilianguka. Kidogo tu! Kutoka magotini mwangu hadi sakafuni. Nilikuwa naandika orodha ya wageni wa siku kubwa ya binti yangu. Nikafika mtu wa hamsini na nane, mguu ukafa ganzi, nikaunyoosha. Basi.

Siku kubwa ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13. Huguette atasimama mbele ya maprofesa watatu kuitetea mémoire yake, kile kitabu cha kumalizia chuo kikuu. Wa kwanza katika ukoo wetu wote, toka Uvira, Kongo, tulikotoka hadi hapa Musaga, Bujumbura! Na kitabu chote kimo kwenye kompyuta hiyo: majibu ya wanawake mia moja na kumi na wawili wanaovuka mpaka wa Gatumba kila siku na mizigo yao. Amewauliza mmoja mmoja, miezi minane. Jumatano ya wiki hiyo hiyo ya tarehe 13 lazima kiwe kimechapwa. Akikosa, anangoja mwaka mwingine mzima.

Amesikiliza ule mlio, akasema diski inakufa, ibadilishwe upesi. Akaniomba nimpelekee Vainqueur.

Vainqueur! Mtoto wa Jérémie! Jérémie ni shemasi mwenzangu, aliyeshika maikrofoni ya kanisa mwaka juzi na mpaka leo hajaiachia. Huyo kijana wake ana duka la kutengeneza mashine mjini, na anapita kutusalimu mara tatu kwa wiki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesalimu mara tatu kwa wiki. Hesabu zao nazijua. Leo mtoto atengeneze diski, kesho baba aingie uani kwangu na makreti ya Fanta na wazee sita, kuomba binti. Nitakataaje, nami nimeshakula msaada wao? Nitakuwa nimejifunga kamba mwenyewe.

Nimemwambia Huguette atulie, kuna fundi namjua anayemzidi huyo kwa mbali. Fundi huyo ni mimi.

Hakuridhika. Kampigia Vainqueur simu mbele ya macho yangu, kisha ameniandikia karatasi ya kumpa fundi wangu: diski ya inchi mbili na nusu, nyembamba, milimita saba, ISIWE na kinga yake yenyewe ya mshtuko. Chini ya ISIWE kapiga mistari miwili.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemuuliza asubuhi kwa nini mtu mzima akatae kinga. Amenieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Kompyuta yake ina kitu ndani kinachohisi ikianza kuanguka. Hapo hapo kinaiambia diski inyanyue sindano yake, isikwaruze sahani inayozunguka. Sasa kuna diski nyingine zinazozaliwa na kitu kama hicho ndani yao. Ukiziweka kwenye mashine kama yake, hazisikizani. Huyu anaamuru, yule anaamuru, kazi inasimama. Ndiyo maana lazima kwanza mtu asome lebo na kulinganisha.

Mtoto akishasoma sana, mzazi hunyamaza. Lakini mimi ni mkubwa wa mazamu kwenye nyumba moja kule Kigobe, mwaka wa kumi na tisa huu. Mazamu ni walinzi wa geti, na petu wako wawili, Salvator geti la mbele, Rénovat geti la nyuma. Mwizi hajawahi kuingia. Nani tena wa kunifundisha ulinzi? Zamu mmoja akisinzia, mwenzake yuko macho. Na huyu zamu wa ndani ya kompyuta alikuwa wapi Jumapili mashine ilipotoka magotini? Alikuwa amelala! Amezeeka. Anahitaji msaidizi. Hilo sikumwambia Huguette, maana lingezaa maswali mengine.

Kazini nimetoka saa tisa, nikazunguka mjini kutafuta diski. Kwa miguu! Petroli hakuna, basi hakuna, watu wamepanga foleni mpaka wamesahau wanangoja nini. Duka la kwanza zote nene. Duka la pili muuzaji amekwenda kwenye foleni ya petroli. Duka la tatu ni la Vainqueur. Nikavuka barabara, nikajifunika uso kwa gazeti, nikapita kama mtu asiye na habari. Akatoka mlangoni akaniamkia kwa jina langu lote, akauliza kompyuta inaendeleaje.

Nimefika Musaga visigino vimechunika. Benite, mke wangu, kaniuliza kwa nini nisimpe tu kijana wa watu aimalize kazi. Wanawake hawaelewi siasa.

Jumatano, 4 Septemba

Leo mambo yamenyooka. Mungu si Jérémie.

Jirani yetu Mwavita huvuka kwenda Uvira kila siku, anapeleka nyanya, anarudi na vitenge na ndagala, dagaa wa ziwani. Anamjua mfanyabiashara mmoja kule sokoni, Cirimwami, mwenye diski za kila namna. Kampigia simu nikiwa nimesimama hapo. Ipo nyembamba? Ipo. Yenye kinga yake? Ipo, moja. Nikamwambia aichukue hiyo hiyo. Karatasi ya Huguette niliiacha ndani ya viatu vya Jumapili.

Sharti moja tu: Cirimwami hatoi diski bila kupewa ya zamani. Nikaona ni haki kabisa. Nani hapa Bujumbura asiyejua hilo? Ukitaka kreti ya bia ya Primus, unapeleka vidange, zile chupa tupu, ndipo unapewa zilizojaa. Gesi vilevile. Ulimwengu wote unatembea kwa vidange.

Huguette alikuwa chuoni kutwa. Kabla ya kufungua chochote, mimi si mjinga, nikawasha mashine kwanza. Ikagonga, ikagonga, ikawaka. Kitabu kikatokea kwenye kioo, jina lake juu, kurasa tisini na nne. Nimekiona kwa macho yangu mawili. Kipo! Salama! Nikazima, nikaigeuza mashine kifudifudi, nikaifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni. Diski ni kitu kidogo, kama kipande cha sabuni. Nikampa Mwavita pamoja na baraka.

Nilimwambia pia, kwa fahari kidogo, kwamba hiyo atakayoleta haiogopi kuanguka, ina kinga. Akashangaa sana. Raha ya kumweleza mtu asiyesoma.

Huguette ameuliza jioni mashine iko wapi. Nikamjibu iko kwa fundi, na fundi ni mtu makini.

Alhamisi, 5 Septemba

Yebabawe! Sina hamu.

Shida ya Mwavita ni kwamba akiambiwa kitu anakiamini chote. Pale Gatumba lori alilopanda halikutaka kusimama vizuri, basi akaitupa ndoo chini kwanza, kisha akashuka yeye. Ndani ya ndoo, ndagala. Ndani ya ndagala, kitenge. Ndani ya kitenge, diski yangu. Nikamuuliza amepatwa na nini. Kanitazama kwa upole, kasema si ni mimi niliyemwambia haiogopi.

Nikaipangusa. Nikasoma lebo: kinga ya mshtuko, imo ndani, yake yenyewe. Moyo ukatulia. Mazamu wawili! Nikaichomeka, nikakaza skrubu (mbili zimebaki, sijui zilitoka wapi), nikawasha.

Weusi. Mstari mmoja mweupe unaosema mashine haioni kitu cha kuanzia.

Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara saba. Nikaipigapiga mgongoni. Nikaiombea kwa sauti ya chini. Kitabu hakuna! Na jana nimekiona hapo hapo, kwenye kioo hicho hicho!

Benite akauliza toka jikoni mbona chumbani kunanuka ndagala. Nikamwambia ni teknolojia.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeibeba hadi Kigobe ndani ya mfuko wa mchele. Rénovat, zamu wangu wa geti la nyuma, alisomea kompyuta miaka minne. Diploma yake ameitia kwenye plastiki na huwa anakuja nayo kazini, siku yoyote huenda ikatokea kazi. Akaifungua mashine, akanusa. Akauliza diski ya zamani iko wapi. Nikamjibu bila wasiwasi: nimeirudisha vidange.

Akaweka bisibisi chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Chef," akasema, "mafaili haikaake kwenye kioo. Ilikuwa mule mwa ile diski. Umetoa ubongo, umebakia na kichwa."

Nikamwambia anasema uongo, kitabu nimekiona mimi mwenyewe. Akaniuliza kama nikijitazama kwenye kioo cha kunyolea, nikishaondoka ninabaki mle ndani.

Nilikaa juu ya tofali kwa muda mrefu. Kurasa tisini na nne. Wanawake mia moja na kumi na wawili. Miezi minane binti yangu anatoka alfajiri kwenda Gatumba, anarudi viatu vimejaa matope, na mimi nimempa Cirimwami yote hayo kama chupa tupu ya bia.

Rénovat kanihurumia. Kaitia ile diski mpya programu ya kuwashia toka kwenye flash yake, angalau tuone kama inafanya kazi. Ikafanya! Ikawaka vizuri sana. Salvator akafunga geti la mbele, paa! Mashine ikaganda. Tukazima, tukawasha. Mpishi akapita na ndoo, ikaganda. Lori la mchanga likapita barabarani, ikaganda. Niliandika jina langu tu, Sébastien, kwa vidole vizito kidogo, ikaganda nikiwa kwenye "Séba".

Rénovat kasoma lebo, kasoma na maandishi ya chini ya mashine, kasema ndiyo hiyo. Kila mmoja ana kinga yake, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye hatari. Akanikumbusha mvua za mwaka jana, yeye na Salvator walipopigiana filimbi gizani, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi, wakafukuzana kuizunguka nyumba mara tatu, na huku nyuma mtu akabeba gurudumu la akiba la bosi.

Nikamwambia hilo la gurudumu halihesabiwi.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi kazi ya jumuiya, mtaa mzima na majembe kwenye mtaro. Nani alikuwa anaelekeza watu? Jérémie. Hana cheo chochote, ana sauti tu. Kanisimamia kichwani, kaniambia ndugu Sébastien, chimba kwa ndani zaidi. Nikachimba. Nilikuwa na mawazo mengine.

Kazi ilipokwisha nikapanda na Mwavita kwenda Uvira. Nikamkuta Cirimwami kakaa juu ya gunia. Nikamweleza nataka vidange yangu. Akasimama, akalifungua lile gunia. Ndani mna diski zaidi ya arobaini! Zote ndogo, zote za rangi moja, zote kama sabuni. Akaniambia nichukue moja.

Ipi?

Yoyote. Vidange ni vidange. Mimi nikipeleka chupa tupu ya Primus, akauliza, kwani nadai kurudishiwa ile ile niliyoinywea?

Hilo ndilo lililoniuma. Maana ni neno langu mwenyewe.

Nikazimwaga juu ya turubai. Nikazitikisa moja moja sikioni, nikitafuta ile tak-tak. Hazilii bila umeme. Watu wakakusanyika. Mtu mmoja akadhani nachagua maparachichi. Mwishowe nikakumbuka kisu: yangu lazima iwe na mikwaruzo karibu na skrubu. Nikazipata zenye mikwaruzo ya kisu. Tatu! Kumbe mafundi kama mimi tuko wengi.

Cirimwami akasema moja kwa moja, tatu kwa tatu. Ya kwanza nimempa ile yenye kinga, aende nayo salama. Ya pili nimempa tochi yangu ya kazi. Ya tatu mkanda wangu. Nimevuka Gatumba nimeshika diski tatu kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono mwingine. Ofisa kaniuliza kama nina kitu cha kutangaza. Nikamwambia sina hata mkanda.

Mwavita hakusema neno njia nzima. Nilidhani amechoka.

Jumapili, 8 Septemba

Mwavita amesema yote. Yeye ni mmoja wa wale mia moja na kumi na wawili! Namba thelathini na tano, kumbe. Amemsubiri Huguette mlangoni mwa kanisa, kamwambia diski yake ilisafiri hadi Uvira ndani ya kikapu cha nyanya na yeye ndiye aliyeibeba bila kujua, na roho inamuuma.

Huguette kanikuta uani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Kwa kelele ninayo majibu. Hakupiga kelele. Amekaa kwenye ngazi, kanitandazia kiganja, nikamwekea zile diski tatu. Kaniambia kwenye flash anazo sura mbili za kwanza tu, za mwezi wa nne.

"Baba," akasema, "wale bamama walisimama kwa jua na mizigo kichwani, wakanijibu. Kuna mumoja alishakufa, mwezi wa sita. Watoto yake waliniomba maneno yake. Mi niliwaambia iko salama."

Sikuwa nalijua hilo. Nimeona aibu. Siandiki kwa mapambo: nimeona aibu mpaka nikashindwa kuangalia viatu vyake. Benite alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno.

Nikasema Rénovat anaweza kuziangalia hizo diski. Huguette kasema apana. Kasema kesho nitakwenda kwa Papa Jérémie, nimwombe Vainqueur mbele ya baba yake aweke kando kazi nyingine zote. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda. Saa moja asubuhi, suruali imefungwa kwa kamba ya katani.

Jérémie kanipokea kwa furaha ambayo haikuwa ya lazima. Kanikalisha kwenye kiti kikubwa. Kaniulizia Benite hajambo, Huguette hajambo, mama mkwe hajambo, kuku hawajambo, na jana tu tumekaa benchi moja kanisani! Ikaja Fanta. Kwa mtu ukishapewa chupa huwezi kusema shida yako mpaka umeinywa, hizo ndizo adabu, naye anajua. Nikainywa haraka, ikanipanda puani. Akaniongezea ya pili.

Hatimaye nikasema. Akasema hajasikia vizuri. Nikarudia. Akamwita mke wake aje naye asikie. Nikarudia mara ya tatu, toka mwanzo, na vidange. Mke wake alitoka nje mara moja, nikasikia anacheka nyuma ya jikoni. Jérémie hakucheka. Kaniwekea mkono begani, kaniambia nyumba hii ni yangu. Afadhali angecheka!

Vainqueur alikuwa ameshavaa viatu. Tukaenda dukani kwake, Huguette akaja na mashine.

Diski ya kwanza: harusi ya watu wa Uvira, picha mia tisa, bwana harusi na koti jeupe. Diski ya pili: kimya, maiti. Diski ya tatu ikachomekwa. Tukangoja. Feni ya dukani inazunguka tu.

Tak. Tak. Tak-tak.

Nililia. Mbele ya mtoto wa Jérémie, nililia. Sijawahi kusikia mlio mbaya ukapendeza hivyo. Huguette kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Vainqueur aliilaza diski juu ya kitambaa, akatukataza kutembea. Akaanza kunakili, faili moja moja. Nyingine zinakwama, anangoja, anajaribu tena. Saa nane umeme ukakatika, kumbe ana betri kubwa chini ya meza. Kijana kafikiria mbele, hilo nalikubali kwa shingo upande. Saa kumi na nusu Huguette kazihesabu. Mia moja na kumi na mbili, na kitabu chenyewe. Akaifungua moja, ya yule mama marehemu, akasoma mstari wa kwanza, akaifunga. Kisha akatoka kwenda kutafuta chai, lakini ilikuwa ni kulia.

Hapo kijana akachukua diski mpya, ya kawaida kabisa. Kasoma lebo, kalinganisha na namba za chini ya mashine, karudia. Haina kinga yake. Akaifunga, akawasha, kisha akainamisha mashine taratibu juu ya mto. Diski ikanyamaza mara moja. Akailaza sawa, ikaendelea. Akanieleza hivyo ndivyo inavyotakiwa, mmoja aamuru na mwingine atii.

Halafu akainua ile diski ya zamani, akaigeuza mwangani.

"Papa," akasema, sauti ya chini, "hii ilianguka ikiwa inazunguka. Na ile kinga ya mashine ilikuwa imezimwa. Mutu aliizima." Akaangalia mlango aliopitia Huguette kwenda nje. "Mi sitaambia mutu."

Niliizima mimi. Ilikuwa inaleta alama fulani kwenye kioo kila nikitikisa mguu, ikanichosha. Ningejuaje? Sasa nimebeba na siri na huruma ya kijana huyu juu yake! Bora angenisema mbele ya watu, nikakasirika, tukamaliza.

Jumatano, 11 Septemba

Kitabu kimechapwa. Nakala sita, jalada la buluu. Huguette kalala mchana kutwa. Nimepita kwa ncha za vidole ili nisimwamshe, nikajigonga mezani, akaamka.

Ijumaa, 13 Septemba

Imekwisha. Imekwisha vizuri!

Chumba kilikuwa na viti thelathini. Nilikuwa nimealika watu hamsini na wanane na wote wamekuja, kwa miguu, bila petroli. Waliobaki walisimama madirishani. Mwavita kakaa mbele na wenzake tisa wa Gatumba, vitenge vimepigwa pasi, wakiitikia kila Huguette akisema jambo la kweli. Profesa mmoja alitaka kuwanyamazisha, akaghairi. Swali gumu liliulizwa, kuhusu namna alivyohesabu safari zao, na kabla Huguette hajafungua mdomo Mwavita alishajibu. Huguette akajibu tena kwa Kifaransa, kwa takwimu. Grande distinction, alama za juu sana! Benite alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

Kisha akasoma shukrani. Aliwashukuru kwanza wale mama, na yule aliyefariki kwa jina lake, na watoto wake walikuwa pale. Alimshukuru mama yake. Alimshukuru Vainqueur, aliyeyarudisha maneno ya watu. Halafu akainua macho akanitazama mimi.

"Na baba yangu," akasema, "aliyenifundisha kwamba kazi ya thamani inawekwa mahali patatu."

Watu wote wakageuka. Benite alipatwa na kikohozi, akajifunika leso. Vainqueur alikuwa anakagua viatu vyake. Jérémie alitazama dari. Mimi nikasimama, nikapunga mkono. Kwa kweli sikumbuki ni lini nilimfundisha hivyo, lakini mzazi hufundisha mengi bila kujua. Na imeandikwa! Nakala sita, maktaba ya chuo, na jina la Jérémie halimo hata pembeni.

Yeye mwenyewe kanijia nje, kasema Jumapili ijayo atapita na wazee wachache, kusalimu tu. Nikamwambia karibu. Nimegundua siwezi tena kumwogopa: nani kati yetu ameshukuriwa kwa hekima mbele ya maprofesa?

Mchungaji naye aliyasikia yale maneno yakamgusa. Kaniita kando, kasema kompyuta ya kanisa imekuwa nzito siku hizi, na majina ya waliobatizwa wote tangu mwaka 1997 yamo humo tu, hayako kwingine, na mtu mwangalifu kama mimi ndiye anayetafutwa. Jérémie alishaanza kusema kijana wake ana nafasi kesho. Nikamwahi. Nimeibeba leo hii hii hadi nyumbani. Iko hapa mezani mbele yangu, na skrubu nne za kwanza zimeshatoka.